Cheche za karakana ya jirani zimeunguza nyumba yetu: tuanzie wapi kisheria?

Mama Wawili
Wakuu, naombeni ushauri. Nyumba yetu ya vyumba vitatu huku Mbagala imeungua Jumamosi. Tumepakana ukuta na karakana ya kuchomelea mageti. Fundi alipanda ngazi akikata chuma kwa grainda, cheche zikaingia kwenye uwazi wa paa letu, mbao na dari vikashika. Vyumba viwili vimekwisha kabisa. Hakuna aliyeumia, na bima hatuna. Mwenye karakana anatoa milioni 2 tukisaini karatasi kwa mwenyekiti wa mtaa kwamba yameisha. Polisi wamefungua jalada. Wakimshtaki, nitalipwa? Na mume wangu anataka tubomoe tuezeke upya wiki hii, mvua ziko karibu.

Mbuyu
Pole sana dada. Hiyo karatasi msisaini. Ukishaandika kwamba huna madai zaidi, wakili wake ataitoa mahakamani kabla hata hujaelezea moto ulivyoanza. Kama mna shida ya pesa ya kula na kulala, pokeeni hizo milioni 2 kwa maandishi tofauti: "malipo ya awali, madai yaliyobaki yanaendelea." Akikataa maneno hayo, mtajua alichokuwa anakinunua.

Nanga
Msibomoe bado. Funikeni kwa turubai.

Utetezi utakaokuja naweza kuutaja leo: "ni hitilafu ya umeme." Kwa hiyo swichi kubwa, nyaya za darini na vikata umeme viachwe vilivyo mpaka fundi umeme mwenye leseni avikague na kuandika ripoti. Mita ya LUKU msiiguse. Pigeni picha kutoka nje kwenda ndani, halafu karibu: pale mbao zilipoungua kwa kina zaidi, uwazi wa paa, na umbali wake hadi alipowekea ngazi. Pimeni umbali huo kwa futi kamba, shahidi akiwepo. Simu iliyopiga picha itunzwe, msiiuze wala kuifuta, maana ushahidi wa kielektroniki lazima uthibitishwe umetoka wapi na ulitunzwaje.

Kisha mwandikieni barua Jeshi la Zimamoto na Uokoaji mkiomba ripoti ya uchunguzi wa chanzo. Waliokuwepo waandike maelezo yao sasa, kila mtu peke yake.

Kisiki
Mimi naona aache polisi wamalize. Kanuni ya Adhabu inagusa uzembe wa kushughulika na moto kwa namna ya kuhatarisha maisha. Akitiwa hatiani mahakama inaweza kuamuru fidia.

Mbuyu
Inaweza, mkuu, ila hailazimiki, na kesi ya jinai si yake bali ni ya Jamhuri. Huko kosa lithibitishwe pasipo shaka. Kwenye madai inatosha kuonyesha kwamba upande wako una uzito zaidi. Fundi anaweza kuachiwa huru kwenye jinai na bado akashindwa kwenye madai. Namba ya RB (namba ya taarifa mliyopewa polisi) itunzwe, jalada liendelee, lakini madai yafunguliwe bila kulisubiri. Ukomo wa madai ya uzembe ni miaka 3 tangu tukio.

Mama Wawili
Asanteni. Fundi analipwa kwa siku, hana kitu. Karakana ni ya mtu mwingine. Hati ya mauziano ya kiwanja nayo imeungua.

Mbuyu
Basi washtakini wote wawili, fundi na mwenye karakana. Mwajiri anawajibika kwa uzembe wa mfanyakazi akiwa kazini. Mwenye karakana atasema huyo ni kibarua wa kujitegemea, hivyo tafuteni cha kumkanusha: grainda ni ya nani, nani alimtuma kazi, nani anapokea pesa za wateja.

Hati: ripotini polisi kwamba imeungua, ombeni nakala serikali ya mtaa kama mauziano yalipita kwao, na muwatafute muuzaji na mashahidi waliosaini.

Anzeni na barua ya madai kupitia wakili, siku 14 ndiyo desturi. Asipolipa, ni Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Mahakama ya Mwanzo si mahali pa madai ya uzembe kama haya. Mkikubaliana njiani, makubaliano yasajiliwe mahakamani yawe amri, asipolipa mnakazia hukumu moja kwa moja, yaani mnaomba mahakama imlazimishe kulipa.

Nanga
Kwenye hesabu ndipo wengi wanapoangukia. Hasara halisi lazima itajwe kitu kwa kitu kwenye hati ya madai, na kila shilingi ithibitishwe. Ukiandika "vyombo vya ndani, milioni 15" unatoka mikono mitupu kwenye kipengele hicho hata ukishinda kesi. Paa, dari na kuta ziandikiwe ripoti na mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa, naye awe tayari kuja kutoa ushahidi. Vyombo: rudini madukani muombe nakala za risiti, chukueni taarifa za benki na za pesa za simu, na picha za zamani zinazoonyesha friji au sofa sebuleni. Msidai bei ya kitu kipya kwa friji ya miaka sita. Kodi mnayolipa sasa ifanyiwe mkataba na risiti. Usumbufu na maumivu ni fidia ya jumla. Hiyo hakimu hupima mwenyewe.

Kuhusu uzembe wenyewe: kiwango cha Marekani cha kazi za moto kama kuchomelea na kukata chuma, NFPA 51B, kinataka vinavyoshika moto viondolewe au vikingwe ndani ya mita 11, na mtu abaki akilinda baada ya kazi. Si sheria yetu, lakini mtaalamu wenu anaweza kukitumia kuonyesha fundi makini angefanya nini.

Mama Wawili
Wakili hatumudu.

Mbuyu
Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ipo kwa ajili hiyo. Nendeni ustawi wa jamii ofisi ya manispaa, waulizeni watoa msaada waliosajiliwa Temeke. Bebeni RB, picha na barua ya serikali ya mtaa. Ripoti ya umeme ifanyike kwanza, kabla turubai halijapeperuka.