Mjadala: Je, Marekani ingeiacha General Motors ife?

Wadau, kila pesa za umma zinapotajwa kuokoa kampuni, hoja hii hurudi: Marekani ilikosea kuinusuru General Motors (GM), kampuni yake kubwa ya magari. Wanaoitoa wanasema viwanda vizuri vingepata wanunuzi, vibovu vingekufa, na mlipa kodi angebaki na hela yake. Mimi naipinga. Someni, kisha mnijibu.

Kwanza, GM ilifilisika. Iliingia mahakamani tarehe 1 Juni 2009 kuomba kinga dhidi ya wadai, ikatoka 10 Julai. Chapa zake za magari Pontiac na Saturn zikazikwa, wenye hisa wa zamani wakatoka mikono mitupu, na bosi wake Rick Wagoner alikuwa ameshang'olewa Machi kwa shinikizo la serikali ya Obama. Kwa hiyo tunachobishania ni nani angeilisha ikiwa mahakamani. Kampuni iliyo chini ya kinga bado inalipa mishahara, umeme na chuma. Kwa kawaida benki hukubali kuikopesha kwa kuwa zinawekwa mbele ya wadai wengine. Lakini benki ya Lehman Brothers ilikuwa imeanguka Septemba 2008, na benki zilizobaki zilikuwa zinashikiliwa na serikali hiyo hiyo zisidondoke. Makumi ya mabilioni ya dola yangetoka wapi?

Sasa turudi Desemba 2008. Seneti imekwamisha mkopo wa dola bilioni 14 kwa kampuni za magari usiku wa tarehe 11. Tuseme Rais Bush naye anakunja mikono, hatoi zile bilioni 17.4 alizowapa GM na mwenzake Chrysler siku nane baadaye. Mimi naona GM inakauka kabla ya Pasaka, na wanaofuata ni wauza vipuri, kwa sababu wao huleta mzigo leo na kulipwa wiki kadhaa baadaye.

Chukueni kiti tu. Kiwanda cha viti hujengwa jirani na kile cha kuunganisha magari, na viti hufika kwa lori vikiwa vimepangwa kufuata foleni ya magari: cha kitambaa, cha ngozi, cha kitambaa tena, saa chache kabla ya kufungwa. Ghala la akiba hakuna. Lori lisipotokea, mstari mzima unasimama. Na Lear iliyokuwa ikiwauzia GM viti, iliwauzia Ford pia. Lear iliomba kinga ya mahakama Julai 2009, GM ikiwa imeshaokolewa! Visteon, muuza vipuri mwingine, ilitangulia Mei. Ndiyo maana Alan Mulally, bosi wa Ford, alikwenda Bungeni kuwatetea washindani wake, ilhali yeye hakuuchukua ule mkopo. Alikuwa ameshaweka rehani mali za Ford mwaka 2006, hadi ile nembo ya bluu. Aliona moto wa jirani unavyokaribia paa lake.

Anayedhani natia chumvi akumbuke MG Rover, kampuni ya magari ya Longbridge, Birmingham. Iliachwa ikaanguka Aprili 2005, uchumi wa Uingereza ukiwa mzima. Watu wapatao 6,000 wakakosa kazi. Mnunuzi alipatikana kweli, Nanjing Automobile, na mitambo ikafunguliwa na kusafirishwa hadi China.

Nikiri hata upande wa pili. Kile kiwanda cha Barabara ya Mombasa, Nairobi, kinachounganisha malori na mabasi ya Isuzu, wakati ule kilikuwa cha GM kwa asilimia 57.7. Isuzu ilizinunua hisa hizo mwaka 2017. GM ingekufa, naamini Isuzu ingezichukua mapema zaidi, kwa bei ya kutupa, na matatu zetu zisingekosa hata klachi. Penye mwenye pesa, biashara huhamia mkono mwingine na kuendelea. Detroit, mji wa GM na viwanda vya magari, majira yale ya baridi haikuwa na mwenye pesa mwingine.

Linaloniuma mimi ni Delphi, iliyokuwa idara ya vipuri ya GM. Wastaafu wake wa UAW, chama cha wafanyakazi wa magari, walijaziwa pensheni na GM mpya iliyotoka mahakamani. Wale wa ofisini, zaidi ya 20,000, pensheni zao zikapunguzwa. Wawili waliopita geti moja miaka yote, mmoja analipwa kamili, mwenzake anaanza kuhesabu dawa za kununua. Huo ulikuwa uonevu, nao ulifanywa kwa pesa za umma. Tena zaidi ya dola bilioni 10 hazikuwa zimerudi serikali ilipouza hisa zake za mwisho za GM Desemba 2013. Mkiniambia masharti yangekuwa makali zaidi na ya haki zaidi, tuko pamoja.

Ila anayesema ingeachwa kabisa naomba anijibu hili kabla ya yote: ni Januari 2009, kiwanda kiko wazi, wafanyakazi wako kwenye mstari, Ijumaa ni siku ya mshahara. Nani anatoa?