Mjadala: Anime za zamani hazitoki kwa DVD wala Blu-ray nje ya Japani. Tatizo ni soko au ni haki?

Mleta mada
Wadau, kila nikiuliza kwa nini anime (katuni za Kijapani) nyingi za miaka ya 70 na 80 hazipatikani kwa diski nje ya Japani, najibiwa kwamba hazina soko. Sikubaliani. Kinachozifungia ni hakimiliki, maana zimegawanyika kwa watu wengi kiasi kwamba hakuna hata mmoja anayeweza kutoa ruhusa peke yake.

Chukueni Candy Candy. Ina vipindi 115, ilirushwa Japani kuanzia 1976 hadi 1979, ikapendwa sana Italia, Ufaransa na Amerika ya Kusini. Hadithi ni ya Kyoko Mizuki, michoro ni ya Yumiko Igarashi. Wawili hao walifikishana mahakamani, na mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya Japani ikaamua kwamba Mizuki ana haki za mtunzi wa asili, kwa hiyo hata mchoraji hawezi kuwatumia wahusika bila idhini yake. Tangu ugomvi huo, Toei Animation walioitengeneza hawajairudisha sokoni. Anayeitafuta leo anaishia kwenye diski za wizi, na hao wezi wasingehangaika kuichapa kama haina wanunuzi.

Macross nayo ni ya 1982. Kampuni ya Kimarekani ya Harmony Gold ilipata haki zake za nje kupitia Tatsunoko, studio ya Kijapani iliyoshiriki kuitengeneza, ikaiunganisha na anime nyingine mbili ikawa Robotech mwaka 1985. Big West na Studio Nue, kampuni nyingine za Kijapani zilizoshiriki kuianzisha, wakasema haki ni zao. Kwa mvutano huo, miendelezo kama Macross 7 ilikwama nje ya maduka ya Marekani kwa miongo kadhaa, hadi Big West na Harmony Gold walipotangaza makubaliano mwaka 2021.

Mchangiaji, Mombasa
Ndugu, umechagua zile zenye kesi. Nyingi hazina kesi yoyote na bado hazitoki. Kampuni ya nje huwalipa Wajapani malipo ya awali kabla ya kuuza diski hata moja. Halafu kuna kutafsiri, kuandaa maandishi ya chini na kuchapa makasha, na hizi ni kazi za vipindi 50 au 100, si filamu moja. Legend of the Galactic Heroes ina vipindi 110. Sentai Filmworks walipoitoa kwa Blu-ray Marekani mwaka 2018, kasha zima liliuzwa kama dola 800. Nani kati yetu anazitoa? Tena makampuni yaliyojaribu kutoa kila kitu hayakudumu: Geneon waliacha biashara hiyo Marekani mwaka 2007, Central Park Media na ADV Films zikafungwa mwaka 2009.

Mleta mada
Gharama nazikubali, ila zinapunguzika. Discotek Media wa Marekani wanaishi kwa kazi za zamani. Picha ikiwa ya ubora wa kawaida, wanabana vipindi vingi kwenye Blu-ray moja badala ya kuchapa rundo la DVD. Kinachowakwamisha mara nyingi ni karatasi: studio ilishakufa, au mkataba wa miaka ya 70 haukutaja video wala nchi za nje. Muziki nao una wenyewe. Evangelion ilipoingia Netflix mwaka 2019, nyimbo za Fly Me to the Moon za mwisho wa vipindi ziliondolewa kwa watazamaji wa nchi nyingi, na hiyo ni anime maarufu kupindukia.

Mchangiaji, Muscat
Huku Ghuba, Grendizer, anime ya roboti ya 1975, iliingizwa sauti za Kiarabu Lebanon, na watu wazima wanaijua hadi leo. Ufaransa inaitwa Goldorak, ilianza kurushwa 1978. Soko lilikuwepo kiasi kwamba DVD zisizo na haki halali ziliuzwa madukani Ufaransa miaka ya 2000, kesi ikafuata, na toleo halali likasubiri hadi 2013. Kwa hilo namuunga mkono mleta mada.

Mleta mada
Ahsante sana. Basi pendekezo langu ni hili: kazi iliyofungiwa miaka 20 bila toleo lolote, sheria iruhusu mtu mwingine aitoe kwa kulipa ada iliyopangwa, na fedha zitunzwe kwa ajili ya wenye haki mpaka wapatane.

Mchangiaji, Mombasa
Hapo ndipo nakupinga kabisa. Mizuki alipigania neno lake hadi mahakama ya mwisho. Sheria yako ingemnyang'anya haki ya kukataa, na kukataa ni sehemu ya haki ya mtunzi. Ungesema hifadhi za taifa ziruhusiwe kuziskani filamu asili kabla hazijaoza, ningekuunga mkono leo hii, kwa sababu nyingi zilipigwa kwenye filamu ya milimita 16, na filamu hiyo haisubiri warithi wapatane.

Mleta mada
La kuskani nalikubali. La ada sijaliacha: pale mwenye haki anapojulikana na kukataa, aheshimiwe. Lakini studio iliyokufa, ambayo hakuna anayejitokeza kuidai, nani anakataa kwa niaba yake?