Maboga ya Kivu: majina 24, je, ni aina 24? (ADN inanata, PCR haitoi bendi)

mbegu_za_kabare
Wandugu, nina maboga ya majina 24 ya kijijini, kutoka Kabare, Walungu na Idjwi. Nataka kujua kama majina hayo ni aina tofauti kweli. Natoa ADN (DNA) kwa CTAB, sabuni ya kupasua seli, lakini mwishoni inabaki kama ute, na PCR (kunakili kipande cha ADN mara nyingi) haitoi bendi, yaani mstari wa ADN kwenye jeli. Labo ninayotumia Bukavu ina jeli ya agarosi tu. Nitumie alama gani za ADN kuyalinganisha, ISSR au SSR (zote hutegemea vipande vifupi vya ADN vinavyojirudia)?

kikonyo
Ute huo ni polisakaridi (sukari ndefu za mmea), nayo inazuia Taq, kimeng'enya kinachonakili ADN kwenye PCR. Chukua jani changa kabisa la nchani, miligramu 100. Bufa: CTAB 2%, PVP 2%, NaCl ipande toka 1.4 M hadi 2 M, beta-merkaptoetanoli uitie siku ileile. 65°C dakika 45, kisha klorofomu na isoamili (24:1) mara mbili. Kabla ya isopropanoli (inayoshusha ADN), ongeza NaCl 5 M nusu ya ujazo: chumvi nyingi huizuia polisakaridi isishuke pamoja na ADN. PCR ikigoma bado, zimua ADN mara kumi. Wengi huongeza ADN, kumbe wanaongeza na kizuizi.

Mama Shamba
Kabla ya hayo yote, ndugu, angalia vikonyo. Cha C. maxima (C. ni Cucurbita, jenasi ya maboga) ni cha mviringo na laini kama kizibo, cha C. moschata ni kigumu, kina pembe tano, kinatanuka kinapogusa boga. Ukichanganya spishi, dendrogramu (mchoro wa mti wa ukaribu) itagawanyika vizuri sana nawe utafurahi bure.
Tena boga huchavushwa na nyuki: mbegu za tunda moja zina mama mmoja, baba wengi. Mche mmoja hauwakilishi jina. Chukua hata kumi, kila mmoja toka boga la nyumba tofauti.

aleli_mbili
Kwa swali lako, SSR. ISSR inasema bendi ipo au haipo, heterozigoti (mmea wenye aleli mbili, yaani matoleo mawili tofauti ya kipande kimoja cha ADN) huioni, na umeme ukikatika katikati ya PCR bendi hafifu hupotea ukadhani ni utofauti. SSR za Cucurbita zilichapishwa tangu 2008, na nyingi zinavuka toka spishi moja hadi nyingine. Ila aleli zinazopishana besi 2 (herufi mbili za ADN) hazitaachana kwenye agarosi ya 2%. Tafuta jeli ya poliakrilamaidi ya 6%, inayotenganisha vizuri zaidi. Halafu AMOVA (hesabu ya takwimu inayogawa utofauti ndani ya majina na kati yao): sehemu iliyo kati ya majina ikiwa karibu na sifuri na haina uzito wa kitakwimu, una majina tu.

mbegu_za_kabare
Asanteni. Majani ya Idjwi yatafikaje bila barafu?

kikonyo
Silika jeli (chembe zinazofyonza unyevu, za aina inayobadilika rangi), uzito mara kumi ya jani, kwenye mfuko unaofungwa vizuri. Ikibadilika rangi, weka mpya siku hiyohiyo. Jani likikauka, miligramu 20 zinatosha.