Injini ya Hayabusa kwenye gari la kujiundia: propela moja, propela mbili au cheni?

Lethi_na_Ndoto
Wazee na dada zangu, habari za wikendi. Fremu ya gari langu la viti viwili, lile umbo la Lotus Seven, kigari cha michezo kilicho wazi juu, imeisha kuchomelewa hapa Kariobangi. Injini ni ya pikipiki ya Suzuki Hayabusa, ujazo wa sisi (cc) 1,299. Nimeigeuza ili upande wa sproketi, ile gia ya kuvuta cheni, uangalie nyuma, na ekseli ni ya Corolla DX yenye difu (gia za katikati ya ekseli) ya meno 43 kwa 11. Kutoka sproketi hadi difu ni mita 1.4. Fundi mmoja ananiambia nichomelee propela, yaani shafti ya kupeleka nguvu hadi difu, ya bomba moja refu na nimalize. Mwingine anataka vipande viwili na senta beringi ya kuishikilia katikati. Wa tatu anasema cheni. Pesa niliyo nayo ni ya kufanya kazi hii mara moja tu. Ingekuwa ni nyinyi, mngefanya nini?

Mzee_wa_Cheni
Nina kigari cha vumbini kule Kitengela, injini ya pikipiki iko nyuma, cheni moja kwa moja. Nikitaka nguvu ya mlima nabadilisha sproketi, saa moja nimemaliza. Lakini vumbi linakula cheni na kuilegeza, kila safari spana mkononi. Na injini yako iko mbele, kijana. Cheni ndefu hivyo ipite kando ya dereva? Siwezi kumshauri mtu hivyo.

Hesabu_Kwanza
Tuanze na mwendo wa propela. Hayabusa inapunguza 1.596 kati ya kranki na klachi, kisha 1.043 kwenye gia ya sita. Injini ikiwa mizunguko 10,000 kwa dakika, propela iko kama 6,000. Sasa chukua bomba la chuma la milimita 50, unene 2, urefu mita 1.4. Likikaribia 4,200 linaanza kupinda katikati kama kamba ya kuruka ya watoto, hata balansi iwe nzuri namna gani. Bomba la 76 linafika kama 6,400, na hiyo ni kwenye karatasi tu. Unatakiwa ukae angalau robo chini ya hapo, maana kitu hicho kinazunguka pembeni ya nyonga yako. Ukikata urefu nusu, kikomo kinapanda mara nne. Kwangu bomba moja limetoka.

Dada_wa_Enterprise
Vipande viwili, ndiyo, ila mnaisahau beringi ya shafti ya giaboksi. Iliundwa kuvutwa na cheni upande mmoja, si kubeba propela inayotikisika wala kusukumwa mbele na nyuma. Ekseli ya DX hupanda na kushuka na springi, kwa hiyo kipande cha nyuma lazima kiwe na shafti ya kuteleza yenye grisi. Na tafadhali, sproketi usiichomelee. Chuma chake kimegumishwa, kinapata nyufa. Yangu ya kwanza ilichomelewa, ikapasuka nikipanda kuelekea Limuru, nikavutwa kwa kamba hadi nyumbani. Fundi wa lethi aondoe meno ya nje, atoboe matundu ya bolti, kisha aweke flanji (sahani ya kufungia propela) yenye bega la kuishika katikati kabisa.

Mgeni_Ruiru
Samahani kuingilia. Tuktuk za mizigo si zina propela tayari, na rivasi juu yake? Haiwezekani kutumia ile?

Hesabu_Kwanza
Krosi zake, vile viungo vya kupinda vya propela, ni za injini ya sisi 150 au 200. Hayabusa ina farasi wapatao 170, zitakatika siku ya kwanza. Lakini umegusa jambo zuri, injini hii haina rivasi. Kipande cha mbele kinaweza kubeba pete ya meno, na mota ya umeme ikairudisha gari nyuma polepole. Kwa bomba moja linalopanda na kushuka na ekseli, hilo ni gumu.

Lethi_na_Ndoto
Basi nimeamua. Jumamosi niko Kirinyaga Road kutafuta senta beringi ya Hilux ndefu. Mhimili wa kuishikilia niuchomelee kwenye fremu au niufunge kwa bolti?

Dada_wa_Enterprise
Bolti, na matundu yawe marefu ili uweze kuusogeza. Kipande cha mbele kinyooke na giaboksi, pembe isizidi digrii moja au mbili. Krosi mbili za nyuma zipate pembe sawa, na vichwa vyake (uma zinazoshika krosi) vikae mstari mmoja, la sivyo utasikia mtetemo hata mwendo wa mtaani. Ukipeleka kupima balansi, peleka na flanji ikiwa imefungwa.