Mtama uliohaririwa vinasaba: mama mkwe hataki kuusikia

Mkulima wa Siaya:
Wanajukwaa, hamjambo. Mtama wetu unadumazwa na gugu la kiduha, ambalo huku tunaliita kayongo, na nimesikia kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Kenyatta wanahariri vinasaba vya mtama ili ustahimili gugu hilo. Mama mkwe, ambaye ndiye mtunza mbegu wa boma letu, amesema hataki GMO (zao lililotiwa jeni ya kiumbe kingine) chunguni mwake, kwa kuwa mbegu yake aliirithi kwa mamake. Je, mambo haya mawili ni kitu kimoja, na nimjibuje bila kumkosea adabu?

Mwalimu Mstaafu:
Si kitu kimoja, ingawa mama ana haki ya kushuku. Mizizi ya mtama hutoa kemikali inayoziamsha mbegu za kiduha, ambazo huweza kulala udongoni kwa zaidi ya miaka 10. Watafiti huzima jeni moja, LGS1, ili kemikali hiyo ibadilike na mbegu nyingi za kiduha zibaki usingizini. Hakuna jeni ya kiumbe kingine inayobaki katika mtama huo. Isitoshe, ipo mitama ya kienyeji iliyoipoteza jeni hiyo kimaumbile, bila maabara yoyote. Ndiyo sababu mwongozo wa Kenya wa 2022 hauyahesabu mabadiliko ya namna hii kuwa GMO. Tatizo ni kwamba mwongozo huo ulitoka mwaka uleule ambao serikali iliondoa marufuku ya GMO iliyodumu tangu 2012, kelele zikawa nyingi, na wananchi wakayatia yote katika kapu moja.

Binti Mvita:
Huku Pwani swali la kwanza huwa ni kama kuna jeni ya nguruwe ndani yake, na maelezo ya Mwalimu yanalijibu. Linalobaki ni zito zaidi: wapo wanaoisoma aya ya 119 ya Sura An-Nisaa, inayokemea kubadilisha umbile la Mwenyezi Mungu, kuwa inahusu hata mbegu, na wapo wanaosema kwamba kutibu mmea ni sawa na kumtibu mgonjwa.

Mgogo:
Tanzania ilisitisha majaribio ya mahindi ya GMO pale Makutupora, Dodoma, mwaka 2018. Wengi hapa hawakuwa wamesoma lolote kuhusu jeni. Waliogopa kununua mbegu kila msimu.

Mkulima wa Siaya:
Ahsanteni. Nilimsomea mama majibu yenu jana jioni. Habari za maabara hazikumshughulisha hata kidogo. Ameuliza kama ataruhusiwa kuweka mbegu darini na kumgawia jirani.

Mwalimu Mstaafu:
Kimaumbile inawezekana, kwani mtama hujichavusha wenyewe kwa sehemu kubwa, na mbegu isiyo chotara itazaa iliyo kama yenyewe. Kizuizi, kikiwapo, kitakuwa katika masharti ya mwenye hakimiliki ya mbegu, kwa hiyo siku itakapoletwa sokoni, ombeni masharti hayo yasomwe kwa Kijaluo, mbele ya mama.