Kodi ya nyumba kwa barua: mani oda ya Posta, ya dukani, au noti kwenye bahasha?

Mama Neema, Louisville
Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu hamjambo. Nilikuja Marekani mwaka 2024 kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Kodi alikuwa akilipa mwanangu, sasa ameoa na amehama, nimebaki na mimi mwenyewe. Mwenye nyumba hapokei pesa taslimu mkononi. Anataka kodi imfikie kwa barua kabla ya tarehe 5. Benki sijafungua akaunti. Mmoja ananiambia ninunue mani oda Posta (ile hati ya malipo unayoilipia kabla, yenye kiasi na jina la mpokeaji), mwingine anasema ya dukani ni nafuu, na jirani yangu anasema nitie noti kwenye bahasha niifunge vizuri. Kodi ni dola 840, tena nadaiwa dola 35 za maji. Nisaidieni, maana pesa hii ikipotea sina nyingine.

Mzee wa Dallas
Marahaba mama, pole na hongera. Hilo la noti kwenye bahasha liondoe kichwani. Bahasha ikipotea, utaonyesha nini kuthibitisha kwamba ndani kulikuwa na pesa?

Nenda Posta. Mani oda moja ya ndani ya nchi mwisho wake dola 1,000, kwa hiyo 840 inaingia kwenye moja. Ada yake haifiki dola 5. Wanapokea taslimu au kadi ya benki, ila kadi ya mkopo hawaitaki. Kitambulisho na fomu ya ziada vinahitajika ukinunua za dola 3,000 au zaidi kwa siku moja, hilo halikuhusu.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Usiondoke na karatasi tupu. Mani oda isiyo na jina ni sawa na noti, atakayeiokota ataandika lake. Andika jina la mwenye nyumba papo hapo, andika jina lako na anwani yako, na kwenye mstari wa maelezo andika kodi ya mwezi gani, nyumba namba ngapi. Kata risiti ubaki nayo. Nyuma usisaini, pale ni pa mpokeaji.

BintiKisauni
Nakubaliana na mzee, lakini duka tusilitupe. Ada ya dukani mara nyingi ni ndogo kuliko ya Posta, na maduka hufunguliwa hata Jumapili usiku. Ubaya wake, kwenye baadhi ya maduka mani oda moja haizidi dola 500, kwa hiyo kodi yako huenda ingehitaji mbili. Na baadhi ya kampuni huanza kukata ada mani oda ikikaa muda mrefu bila kutolewa pesa. Ya Posta haiishi muda, hata ikikaa miaka thamani ni ileile. Mimi ningelipa kodi kwa ya Posta, na zile 35 za maji kwa ya dukani.

Mzee wa Dallas
Binti, kama zote zinakwenda kwa mtu mmoja, si aandike moja tu ya 875? Ada moja, stempu moja.

Kaka wa Uvira, Columbus
Mzee wangu, kwa heshima, hapo sikubali. Atenganishe. Nyumba niliyokuwa nakaa zamani, ofisini waliniambia kodi yangu haijafika, wakanibandikia faini ya kuchelewa. Nilikuwa na risiti. Nikaingiza namba ya mfululizo, namba ya ofisi ya posta na kiasi kwenye tovuti ya Posta, jibu likaja kwamba pesa imeshatolewa. Nikajaza fomu 6401 ya Posta ya kuulizia mani oda na kulipia, nikapata nakala ya mani oda yenye muhuri wao nyuma. Kumbe walikuwa wameiingiza kwenye deni jingine. Faini ikafutwa. Kila deni likiwa na karatasi yake, hakuna wa kukuchanganyia hesabu.

Mama, risiti zitunze pamoja na vyeti vya watoto. Na barua itume kwa namba ya kufuatilia, maana mani oda ikipotea uchunguzi unaweza kufika siku 60, na kodi haikungojei.

Msomi wa Kigoma
Je, mani oda ya Posta naweza kumtumia mama yangu Kasulu?

BintiKisauni
Hapana ndugu, Posta ya Marekani iliacha kuuza mani oda za nje tarehe 1 Oktoba 2024. Tuma kwa kampuni za fedha, zifike kwenye simu yake. Na ujue tangu Januari 2026 kuna kodi ya serikali, si ya nyumba, ya asilimia 1 kwa pesa zinazotumwa nje ukilipia kwa taslimu au mani oda. Ukilipia kutoka akaunti ya benki ya hapa au kadi ya hapa, haikuhusu. Kwa hiyo Mama Neema, hata kama mani oda itakutosha kwa kodi ya nyumba, akaunti ifungue. Hata ada za uhamiaji za fomu za karatasi, tangu mwisho wa Oktoba 2025 hawapokei tena mani oda, isipokuwa wachache walioruhusiwa.

KaraniMstaafu, Tanga
Nimefanya kazi dirishani miaka mingi huku nyumbani. Mani oda ya Marekani ilianza 1864, askari wa vita vyao vya ndani wapate kupeleka pesa kwao salama. Kwa hiyo shida yako mama ni ya zamani na dawa yake ni ya zamani.

Ongezeni moja: mtu akikulipa kwa mani oda kubwa kuliko deni akataka umrudishie chenji, kataa. Ikiwa ni ya Posta ya Marekani, iinue kwenye mwanga, utaona sura ya Benjamin Franklin ndani ya karatasi na uzi wenye herufi USPS, kifupi cha jina la Posta hiyo. Hata ukiziona, itoe pesa Posta kwanza.

Mama Neema, Louisville
Mungu awabariki. Nimenunua mbili za Posta. Lakini kwenye ile ya maji nimekosea herufi ya jina la mwenye nyumba. Nifute kwa kalamu nyeupe?

Kaka wa Uvira, Columbus
Usiiguse mama! Ikifutwafutwa wataikataa. Rudi nayo dirishani ikiwa na risiti na kitambulisho chako, waeleze, uirudishe ununue nyingine. Wanafunga saa 11 jioni sehemu nyingi, piga simu kabla hujatoka.