Refa akipigwa uwanjani, ni kesi ya kamati au ya polisi?

Mwanzisha mada
Wakuu, Mbeya baridi imeshaanza kuuma, lakini hili limenitoa kwenye blanketi.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa kwenye mechi ya ndondo upande wa Uyole. Dakika za mwisho refa kawapa wageni penalti. Beki wa wenyeji hakubishana, alikuja mbio akamtwanga kichwa. Jino likabaki kwenye vumbi, mechi ikavunjika.

Kesho yake kamati ya mashindano ikakaa. Beki kafungiwa mechi 5, timu kupigwa faini ya shilingi 100,000, na refa kupewa 30,000 ya dawa pamoja na soda. Alipouliza habari ya polisi akajibiwa, "Ya uwanjani yanaishia uwanjani."

Mimi sikubaliani. Leteni hoja.

Kocha wa Nzovwe
Nakupinga mkuu. Mimi nilivunjwa mguu nikiwa na miaka 19 na hakuna aliyepelekwa kituoni. Ukishavaa njumu umekubali yote. Siku Wagonga Nyundo (Mbeya City) na Wajelajela (Tanzania Prisons) wakizichapa pale uwanja wa Sokoine utawapeleka wapi? Prisons ni timu ya Magereza, watajifungulia wenyewe? 😂 Halafu FIFA imekataza mambo ya soka kupelekwa mahakamani. Huyo refa atafungiwa yeye.

Wakili wa Mafiati
Kocha, umechanganya mambo mawili, na wenyeviti wengi wanalitumia hilo kutishia watu. Katazo la FIFA linahusu migogoro ya soka: usajili, matokeo, uchaguzi wa viongozi. Jinai haimo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 241, inazungumzia shambulio la kudhuru mwili, na kifungo chake kinafika miaka 5. Sijaona palipoandikwa "isipokuwa aliyevaa njumu".

Mguu wako ni habari nyingine, pole sana. Tunaita ligi ya ridhaa, basi hiyo ridhaa ina mipaka. Unaridhia kukwatuliwa mkigombea mpira, hata kwa rafu mbaya. Uingereza mwaka 2004 Mahakama ya Rufani ilimfutia hatia mchezaji wa ridhaa aliyemuumiza mwenzake kwa kumkwatua. Ikasema jinai ibaki kwa vitendo vizito vilivyovuka kabisa mchezo wenyewe. Lakini kule Uskoti, Duncan Ferguson wa Rangers alimpiga kichwa John McStay wa Raith Rovers uwanjani mwaka 1994. Refa hakumpa hata kadi. Mwaka uliofuata mahakama ya Glasgow ikamfunga miezi 3. Kweli alikuwa na makosa ya nyuma, ila mnaona kwamba kadi ni kadi na kesi ni kesi.

Na hapa aliyepigwa si mchezaji. Alikuwa anagombea mpira gani?

Filimbi ya Tukuyu
Nachezesha ndondo mwaka wa sita sasa. Sheria hiyo tunaijua, kaka wakili. Shida iko hivi: wanaonipangia mechi ndio hao hao wanaokaa kikao. Nikienda kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, wiki ijayo jina langu halimo kwenye ratiba, na hakuna atakayeniambia kwa nini. Mwaka juzi nilitupiwa chupa, nikashonwa nyuzi 3. Nikaambiwa, "Dada, wewe ni mwenzetu, usituharibie mashindano." Nikanyamaza. Wiki iliyofuata nikapangiwa nusu fainali, ndiyo ilikuwa fidia yangu. Hamjaniuliza kama aliyenirushia chupa alikuwepo. Alikuwepo.

Kocha wa Nzovwe
Dada hapo umenigusa, pole. Lakini huyu beki ni kijana wa miaka 20, anaendesha bodaboda. Afungwe miaka 5 kwa hasira ya dakika moja?

Wakili wa Mafiati
Nani kasema atafungwa 5? Huo ndio ukomo. Kwenye shambulio la kawaida hakimu anaweza kuhimiza suluhu, na mahakama inaweza kuamuru fidia. Cantona wa Manchester United alipomrukia shabiki teke mwaka 1995 alihukumiwa wiki 2 jela. Alipokata rufaa ikawa saa 120 za kazi za jamii, akazitumikia akifundisha watoto mpira. Suluhu naipenda. Nisichokipenda ni suluhu ambayo mpigwaji kaambiwa tu bei yake. Jino la bandia linazidi 30,000, muulizeni daktari yeyote wa meno.

Mwanzisha mada
Nimeongea na refa jioni hii. Matibabu alipata kwenye zahanati ya mtaani bila PF3, kwa hiyo Jumatatu anaanzia kituoni, na mshika kibendera mmoja amekubali kwenda naye kama shahidi. Yule wa pili anasema ana safari ya Tunduma.